Tone na Dhamana

Kila chombo kiingiacho nyumbani huleta mambo mawili: nafuu na dhamana. Nafuu hupokewa kwa furaha siku ya kwanza. Dhamana husahauliwa mpaka chombo kiharibike. Mashine ya kufulia nguo ni mfano mwema wa jambo hili. Ikifanya kazi hakuna aikumbukaye. Ikivuja, mwenye nyumba huuliza swali moja: nani amemwaga maji?

Swali hilo lina uzito wake Kisongo. Mji huu mdogo umekaa magharibi ya jiji la Arusha, upande wa Mlima Meru usiopata mvua nyingi kama miteremko ya kusini na mashariki. Huko vumbi ni jingi na maji yana heshima. Matone 20 hufanya mililita 1 hivi. Basi kiungo cha mpira wa maji kidondoshacho tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya lita 1,500, yaani ndoo 75 na ziada za lita 20. Ndoo hizo jirani achotaye mbali huzijua kwa uzito wa kichwani. Mwenye mashine hazioni.

Walakini hasara ya maji si kubwa kuliko hasara ya haki. Katika nyumba nyingi mwenye mashine siye aitumiaye. Aitumiaye ni mtumishi wa nyumbani, aghalabu binti aliye mbali na kwao, na yeye ndiye apigaye deki kila nguo zifuliwapo. Sakafu yenye maji chini ya chombo cha umeme yaweza kumwua asimamaye juu yake miguu mitupu. Akisema mashine ni mbovu, huitwa mzembe. Akinyamaza, huendelea kukanyaga maji.

Je, wajibu wa mwenye mali ni upi? Wako wasemao kwamba ni kumwita fundi na kumlipa. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Maji hutambaa chini ya mashine yakatokea mbali na mahali yalipovujia, na lawama nayo hutambaa vivyo hivyo. Kwanza achomoe plagi na kufunga bomba, kisha atazame kimoja kimoja: pete za viungo zilizolegea, mpira wa mlango uliopasuka au kunasa kifungo cha shati, chujio la pampu lililozibwa na sarafu. Pengine ataona hakuna kilichoharibika, ila sabuni ya kufulia kwa mikono imetiwa tele, povu likafurika. Hapo kosa humrudia aliyeinunua sabuni ile na asifundishe kipimo chake.

Mpira uliopasuka hubadilishwa, na pasipofikiwa na mwenyewe hufikiwa na fundi. Lakini hakuna fundi awezaye kuajiriwa ili amwondolee mtu lawama aliyomtwika asiye na hatia. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba peke yake, na hutangulia bisibisi na koleo.

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya kwa mawe na saruji. Jina jema la binti aliyefukuzwa kwa sababu ya mpira uliochakaa litajengwa upya kwa nini?