Je, Ni Haki Kumfundisha Mwenye Dhiki Kupumua?

Ushauri wa kuvuta pumzi umeenea kila mahali. Mfanyakazi akilemewa huambiwa aketi wima, avute hewa polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi, kisha arudi kwenye kazi yake. Mwanafunzi anayetetemeka kabla ya mtihani huambiwa vivyo hivyo. Sisi tunaosoma hapa Kakoba tumeusikia ushauri huo, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Mbarara, watu wenye mizigo mizito kuliko yetu huupokea pia. Swali langu ni la maadili: je, ni haki kumfundisha mtu kutuliza pumzi ilhali kinachomkosesha pumzi kiko nje yake? Nitadai kwamba ni haki, lakini kwa sharti.

Kwanza, tukubali kwamba zoezi lenyewe si uganga. Moyo na tumbo hufanya kazi bila kutuomba ruhusa. Pumzi nayo hujiendesha, hata tukiwa usingizini, ila tunaweza kuishika na kuiongoza. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akishtuka, pumzi hufupika na kwenda mbio. Akiipunguza hadi mara sita hivi kwa dakika, na kurefusha muda wa kutoa hewa, moyo hupunguza kasi, kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, huutuliza moyo hasa wakati hewa inapotoka.

Jambo hili limepimwa nchini Uganda penyewe. Shirika la Afya Duniani lina kozi iitwayo Self-Help Plus, yenye vipindi vitano vya sauti iliyorekodiwa pamoja na kitabu cha picha. Somo lake la mwanzo ni kwamba ukizingirwa na mawazo mazito, punguza mwendo, vuta pumzi, kandamiza nyayo chini, kisha utazame uko wapi na nani. Kozi hiyo ilijaribiwa kwa wanawake 694 wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini mwa nchi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Miezi mitatu baada ya kozi, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakuipata.

Pili, kutulia kazini si starehe ya mtu binafsi tu. Mimi hulipia sehemu ya karo kwa ukalimani wa Kiswahili, Kinyabwisha na Kiingereza. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mkalimani husema "mimi" pale msemaji aliposema "mimi". Mama akisema, "Walimuua mume wangu mbele yangu," maneno hayo hutoka kinywani mwangu kama yangu. Kabla ya kuyatamka hushusha pumzi moja ndefu. Nisipofanya hivyo, masikio yangu hubaki kwenye sentensi ya kwanza wakati yeye ameshafika ya tatu, na jina la kijiji au tarehe ikipotea hapo, atakayeumia ni yeye, kwa kuwa mkuu wa mahojiano ataona maelezo yake hayalingani. Kwa hiyo pumzi ile ni wajibu wangu kwake, kama vile kunawa mikono ni wajibu wa mkunga.

Hata hivyo, kuna pingamizi ambalo hatuwezi kulikwepa. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, na hilo ni jambo la kuisifu Uganda. Lakini fedha za msaada zimepungua. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kufuata kiwango cha uhitaji, na mwaka 2025 wakimbizi karibu milioni moja nchini waliondolewa kwenye mgao wa chakula.

Katika kipindi kimoja cha mafunzo nilichofasiri, mwalimu alipomaliza zoezi la pumzi, mama mmoja aliinua mkono. Akaniambia, "Mwanangu, mwambie daktari hivi: nimepumua, nimetulia. Sasa watoto wale nini?" Nilifasiri neno kwa neno. Watu walinyamaza.

Swali la mama yule lina uzito wa kifalsafa. Hofu ya njaa, kwa mtu mwenye gunia tupu, haijapotoka, inasema kweli. Tukiituliza hofu hiyo na kuliacha gunia lilivyo, tunaweza kuwa tumeunyamazisha ukweli. Tena ushauri wa pumzi una urahisi wake wa kutia shaka: haugharimu chochote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayeshindwa kutoa posho atashawishika kutoa somo. Rafiki yangu anayefanya kazi katika duka moja mjini aliambiwa na mwajiri wake, mwezi wa pili bila mshahara, ajifunze kupumua ili asiwakasirikie wateja. Hapo zoezi limekuwa kufuli ya mdomo.

Lugha yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Kutokana na kupumua tuna pumzi, na kutokana na pumzi tuna kupumzika. Neno "nafasi" nalo lina asili katika neno la Kiarabu lenye maana ya pumzi. Mswahili akisema, "Hawanipi nafasi ya kupumua," halaumu mapafu yake. Anasema pumzi ni yake, lakini nafasi ya kuitumia wameishika wengine.

Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa katika dola ya Roma, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Yakitoka kwa mtu aliyekuwa mtumwa, mafundisho hayo ni silaha ya uhuru wa ndani. Yakitoka kwa bwana mwenye watumwa, ni kejeli. Maneno hayakubadilika, aliyebadilika ni msemaji na kile alichoshika mkononi. Ndiyo maana napendekeza sharti hili: anayemfundisha mwenziwe kupumua asiwe ndiye aliyemkalia kifuani, na kama ndiye, ainuke kwanza.

Sharti hilo lina upande wa pili, unaomhusu anayejifunza. Utulivu hauna budi kumwacha huru kuuliza. Mtawa Thich Nhat Hanh wa Vietnam alifundisha watu kupumua kwa makini wakati nchi yake inapigwa mabomu. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kudai amani, akazuiwa kurudi kwao, akaishi uhamishoni Ufaransa kwa miaka mingi. Kupumua hakukumfanya akubali vita. Kulimwezesha kuipinga bila kuwachukia waliokuwa wakiipigana.

Hata mama wa Nakivale aliuliza swali lake baada ya kupumua, kwa sauti isiyotetemeka. Mwalimu alimjibu, "Chakula sina, na sitakudanganya." Mazungumzo yakahama kutoka kwenye pumzi kwenda kwenye orodha, na wanawake wakachagua wawili wa kwenda kuuliza ni vigezo gani vilivyowapanga katika makundi. Sijui mtu aliyevurugika angefikaje kwenye hatua hiyo. Anayepiga kelele ofisini hufukuzwa mapema, na anayelia huhurumiwa kisha husahauliwa. Aliyetulia huuliza jina la afisa, huandika tarehe, hurudi kesho.

Kwa hiyo wanaoyadharau mazoezi haya wamekosea, kwa sababu wanamnyima maskini chombo kisichoweza kunyang'anywa na mtu. Wanaoyageuza kuwa jibu la kila shida nao wamekosea zaidi, kwa sababu wanamtwisha mwenye dhiki kazi ya kuivumilia dhiki waliyomletea. Wengi wetu tutakuwa walimu, wauguzi, wakalimani na wakuu wa ofisi. Kabla hatujamwambia mtu avute pumzi, tujiulize tumeshika nini ambacho kingempunguzia mzigo. Kama kipo, tukitoe, halafu tuketi tupumue naye.