Mkono wa Juu na Jicho la Aliye Nje

Waswahili wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali ya ukarimu, lakini ndani yake mna sharti ambalo aghlabu hatulitaji. Mgeni huyo amekaribishwa, na mwenyeji ndiye aujuaye ugonjwa wake. Methali haisemi lolote juu ya mgeni ajaye bila ya kuitwa, mwenye nguvu kuliko mwenyeji, mwenye dawa ya kweli mkononi na pengine nia njema moyoni. Mgeni wa namna hiyo tumtazameje? Tumshukuru kwa dawa yake, au tumhoji kwa kuingia kwake? Na mwenye haki ya kuupima wema huo ni nani: yeye autoaye, au yule aupokeaye?

Suala hili limewashughulisha waandishi wa riwaya za kisayansi kuliko tunavyodhani. Mmoja aliyelichimba kwa kina ni Mskoti Iain M. Banks, aliyeishi baina ya 1954 na 2013. Kuanzia riwaya yake Consider Phlebas ya 1987, Banks alibuni jamii ya angani aliyoiita Utamaduni. Watu wake hawaijui njaa wala ufukara, hawana fedha wala mfalme, na mambo yao huendeshwa na mashine zenye akili kuliko za wanaadamu, tena zenye huruma. Jamii hiyo haivamii nchi za watu kwa kutafuta mali, kwani mali haina haja nayo. Shida yake ni kuwa haistahamili kuwaona wengine wakiteseka. Basi hutuma wajumbe, hutia neno hapa, humsaidia huyu dhidi ya yule, mpaka nchi ya watu ielekee njia ambayo Utamaduni umeiona kuwa ni ya kheri.

Hekima ya Banks imo katika mahali alipoliweka jicho la msimulizi. Mara nyingi hatutazami tukiwa ndani ya Utamaduni, bali tukiwa nje yake. Katika riwaya ile ya kwanza tunafuatana na Horza, ambaye amechagua kuwapigania maadui wa Utamaduni, ingawa maadui hao ni watu wa vita na wakali wa imani. Katika Inversions ya 1998 tunamwona tabibu wa kike katika ikulu ya mfalme, naye tunasimuliwa na msaidizi wake, ambaye humpelelezea habari zake bwana mwingine. Msaidizi huyo anaona tiba, anaona ujuzi wa ajabu, lakini hajui tabibu ametumwa na nani wala kwa nini. Na katika Look to Windward ya 2000 tunakutana na watu ambao Utamaduni ulijaribu kuwaondolea mfumo wa matabaka. Jambo lilikuwa jema, njia zikawa za siri, na mwisho wake ukawa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Utamaduni ulikiri kosa. Lakini kukiri hakukuwafufua wafu.

Msomaji wa visiwani atauliza: haya ya nyota yanatuhusu nini? Tuyashushe basi ardhini, tena chini ya ardhi, tufike Bulyanhulu.

Bulyanhulu iko katika mkoa wa Shinyanga, kusini ya Ziwa Victoria, katika ukanda wa dhahabu unaounganika na Geita. Kabla ya kuja mitambo mikubwa, wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba huko kwa sururu na nyundo, wakiteremka katika maduara yao kwa kamba. Mwaka 1994 leseni ilitolewa kwa kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Canada. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliamuru wachimbaji wadogo waondoke, na mwezi wa Agosti mashimo yakafukiwa. Yakazuka madai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na mwaka 2002 ofisi ya usuluhishi ya Benki ya Dunia ilisema haikuona ushahidi wa kuyathibitisha madai hayo. Wanasheria wa mazingira wa LEAT waliendelea kudai uchunguzi huru. Sutton ilinunuliwa na Barrick mwaka 1999, na mgodi ukaanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001.

Baada ya hapo ndipo ulipokuja mkono wa wema. Yakajengwa madarasa, zahanati zikatengenezwa, barabara zikashindiliwa. Bomba likalazwa kwa zaidi ya kilomita 40 kuvuta maji ya Ziwa Victoria mpaka mgodini. Upande wa Geita nako, ambako mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000, miradi ya shule, afya na vita dhidi ya UKIMWI imekuwa ikitangazwa mwaka hata mwaka. Kila jambo kati ya haya lina faida yake, na aliyepata shule hawezi kuambiwa kwamba hakupata kitu.

Kampuni ya madini si Utamaduni wa Banks, na tofauti hiyo haifai kufichwa. Utamaduni haukuwa na haja ya mali ya mtu, ilhali kampuni imeifuata dhahabu, na haijapata kuficha kwamba imeifuata. Lakini mtu aliye nje ya uzio hauoni moyo wa mtoaji. Anauona mkono tu. Kwake yeye mjumbe mwenye huruma safi na afisa wa mahusiano mwenye hesabu ya faida wanafika kwa gari moja, wanakaa viti vya mbele, wanakata utepe, kisha wanarudi walikotoka. Ndiyo maana riwaya ya nyota inaweza kutufundisha jambo juu ya Kakola. Banks alimwondolea mwenye nguvu kila kosa la tamaa, ili tuone ni kitu gani kinachobaki. Kilichobaki ni kwamba mmoja anaamua na mwengine anaamuliwa.

Hapa ndipo wengi wetu tuandikao tunapoteleza. Ni rahisi kwa mwenye maji ya bomba nyumbani kuudharau mfereji wa mwenzake kwa kuwa umetoka kwa tajiri. Mama aliyeamka alfajiri miaka yote kutafuta ndoo moja ya maji hana sababu ya kuyakataa kwa ajili ya falsafa zetu. Horza naye alipotea njia alipoona kuwa ubaya wa kusaidiwa na wageni ni mkubwa kuliko ubaya wa kutawaliwa na wakatili. Mtu anaweza kuwa na suala la haki na jawabu la batili. Kwa hiyo asiyeupenda mkono wa juu asidhani kwamba kuukata ndiko kuwakomboa walio chini.

Lakini kupokea maji si kuuza ulimi, na hapa lugha yetu inatusaidia. Kiswahili kinatenga fadhila na haki. Fadhila hutolewa na mwenye nayo kwa wakati autakao na kwa kiasi akitakacho, na mwenye kupokea hana pa kudai ikipungua. Haki ina kipimo, ina siku, ina mahali pa kuidai. Tena fadhila ina ndugu yake mbaya aitwaye masimango. Mwenye kusimanga hana haja ya kupiga wala kufunga; humtosha kukumbusha. Umeuliza habari ya fidia? Kumbuka zahanati. Umeuliza habari ya vumbi na nyufa za nyumba? Kumbuka madawati. Nguvu laini hufika mwisho wa ulaini wake pale ambapo shukrani inatumika kuziba suala.

Historia ya fedha za migodi inaonesha tofauti hii kwa tarakimu. Halmashauri za wilaya zilikuwa na haki ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mikataba ya migodi mikubwa iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka. Haki ilikuwa na kifuniko, na juu ya kifuniko kile ndipo zilipopangwa zawadi. Huko Geita watu walifikia kugombea magwangala, yaani mawe ya mabaki yaliyotupwa na mgodi, wapate kuyaponda na kuokota chembe zilizosalia. Katikati ya miaka ya 2010 magwangala yakawa jambo la siasa. Mtu anayeomba aruhusiwe kuchukua taka za mlima uliokuwa wa babu zake hahitaji kuelezwa mkono wa juu ni nini.

Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 yaligusa jambo hili. Mrabaha wa dhahabu, uliokuwa asilimia 3 na baadaye 4, ukafanywa 6. Na mwenye leseni akatakiwa kila mwaka aandae mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana nao na serikali ya mtaa. Hatua hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni kubwa: kilichokuwa hisani kimeanza kuwa makubaliano. Tusishangilie kabla ya wakati, kwani halmashauri nayo ni mkono wa juu kwa mwanakijiji. Mwaka huo huo wa 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam, kazi za Bulyanhulu zilipunguzwa na wengi wakapoteza ajira. Januari 2020 pande mbili zikatia saini mapatano, ikawapo kampuni ya Twiga, na serikali ikawa na hisa za asilimia 16. Wakubwa waligombana, wakubwa wakapatana. Mwanakijiji alisikia habari zote mbili redioni.

Sisi wa visiwani tusiyatazame haya kama mambo ya bara. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza, na neno lenyewe lina maana ya kinga. Tarehe 27 Agosti 1896 mwenye kukinga aliipiga kasri kwa mizinga, kazi iliyokwisha kwa muda usiotimia saa moja, kwa sababu ya mrithi asiyemtaka. Mwaka uliofuata, 1897, chini ya mkono huo huo, ikatoka amri ya kuifuta hadhi ya utumwa kisheria. Mambo hayo mawili yamesimama pamoja. Amri haikuifuta mizinga, wala mizinga haiufanyi utumwa kuwa bora. Ila yule aliyenufaika na amri ile naye hakuwa ameulizwa.

Fasihi yetu imewahi kulitazama jambo hili kwa upande mwengine. Katika Kusadikika ya 1951, Shaaban Robert alibuni nchi iliyo angani, na wajumbe wake sita walitoka wenyewe kwenda kutafuta mema ya nchi nyengine. Waliporudi nayo walifungwa. Huko kheri inaendewa, hailetwi, na anayeikataa si mgeni bali ni mtawala wa nyumbani. Naye Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya 1995, alimpandisha Dzombo, aliyehukumiwa kifo, katika chombo cha kuruka kikamfikisha nchi ya watu walio sawa. Ukilifungua jina la nchi hiyo unapata: wale ni sisi. Mkangi anatuambia kwamba wema ukitimia haubakishi mtu wa nje wa kuutazama. Na ukiwa bado una watazamaji nje ya uzio, basi haujatimia, hata ukiwa na madarasa mangapi.

Kipimo cha nguvu njema, kwa hiyo, hakimo katika wingi wa zawadi wala katika usafi wa nia, kwa kuwa nia haionekani. Tutazame iwapo aliyesaidiwa anaweza kumhoji msaidizi wake bila ya msaada kupungua. Siku moja mtoto aliyesoma katika darasa lililojengwa na mgodi ataushika mkataba wa mgodi, ausome, aulize kwa nini umeandikwa hivyo na nani aliukubali kwa niaba ya babu yake. Watakuwapo watakaosema fadhila ya punda ni mateke. Watakuwa wamekosea. Darasa lilijengwa ili mtu ajue kusoma, naye anasoma.