Tafakuri ya Leo: Jina la Kijana
Kila Ramadhani tunaonywa tusitafute sifa. Sawa, lakini sifa ya mwenzako je?

Mwaka 1963, hapo juu Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona maziwa yake ya moto ya aisikrimu yameganda kabla ya ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, msomi wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakacheka, Osborne akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, jina la kijana likatangulia. Leo wanafizikia, hata wanaobisha, wanasema “athari ya Mpemba”.

Wewe fundi, wewe mwalimu mwenzangu: wazo la kijana wako likikuletea sifa, unamtaja? Au unanyamaza tu, na umefunga?