Rangi ya Mpangaji

Jamaa yangu mmoja aishiye Hamburg ana hodhi la kioo sebuleni. Aling'oa taa za zamani akatia za LED, kali zaidi, ili matumbawe yake yapendeze. Nilipomzuru, yalikwisha kuwa meupe kama mfupa. "Nimeyaua, kaka," akaniambia.

Hakuwa ameyaua, walau bado. Tumbawe ni mnyama, na sehemu kubwa ya rangi yake si yake: ni ya mwani mdogo, usioonekana kwa macho, uliopanga ndani ya mwili wake. Mwani hupika sukari kwa nuru, mwenye nyumba akala. Nuru ikizidi ghafla, jiko lilelile hutoa sumu, naye humfukuza mpishi wake. Taa zikipunguzwa mapema, mwani huweza kurejea. Ukichelewa, njaa humaliza. (Nuru haba nayo ina lake: tumbawe hugeuka kahawia.)

Je, ana hatia? Alisema alikusudia mema. Sikatai, ila mema ya nani? Macho yake ndiyo yaliyotaka mwanga.

Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe ya kwetu, na tangu hapo nimewalaumu wachomao mafuta. Nao hawakukusudia ubaya. Nikimsamehe huyu kwa nia yake, wale nitawadai kwa lipi?

Nikamwuliza kama alijua kwamba taa mpya huongezwa nguvu kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa. Alijua. Alikuwa na haraka.

Usiku ule tulizipunguza hadi nusu, tukala chakula karibu na kiza.