Mtoto wa Rehani

Kuna stori moja ya Scotland ambayo nimeshindwa kuitoa kichwani. Julai 1333, kijana anayeitwa Thomas Seton alinyongwa nje ya kuta za mji wa Berwick. Babake, Sir Alexander Seton, alikuwa ndani ya kuta hizo hizo, na yeye ndiye aliyekuwa amekabidhiwa mji. Inasemekana mti wa kunyongea ulisimamishwa mahali ambapo wazazi wangeuona vizuri.

Kawaida stori hii husimuliwa ili tumpigie baba makofi. Mzee jasiri, nchi kwanza, mtoto baadaye. Mimi nimekataa kupiga makofi, lakini pia nimeshindwa kumhukumu, na hiyo ndiyo shida yangu.

Tuanze na mji wenyewe. Berwick ilikuwa bandari tajiri mpakani, na wenyeji walijua vizuri kinachoupata mji unaotekwa kwa nguvu. Mwaka wa 1296 Edward wa Kwanza wa Uingereza aliuvamia na watu kwa maelfu wakachinjwa. Wascoti waliurudisha 1318. Sasa mjukuu wake, Edward wa Tatu, jamaa wa miaka ishirini tu, alikuwa ameuzingira tena. Sheria za vita za wakati ule zilikuwa wazi: mji ukijisalimisha kwa mapatano, watu wanapona. Ukivunjwa mlango, hakuna huruma mtu anayoweza kudai.

Kwa hivyo mwishoni mwa Juni wakaelewana. Vita visimame. Jeshi la Scotland lisipofika kuuokoa mji kufikia tarehe 11 Julai, milango ifunguliwe. Na ili Edward awe na uhakika, wakubwa wa mji wakampa watoto wao. Thomas alikuwa mmoja wao.

Kiswahili kina neno la hali hiyo: rehani. Sisi siku hizi tunaweka rehani shamba au gari. Lakini neno hili linajua mambo mazito zaidi. Katika njaa za karne ya 19, kwenye pwani yetu hii ya Kenya, kuna familia za Wamijikenda zilizoweka jamaa zao rehani, wakiwemo watoto, ili zipate nafaka. Wengine hawakuwahi kukombolewa. Kwa hivyo tusijifanye hili ni jambo la wazungu wa kale na panga zao.

Tarehe 11 ikafika, na ikafika na utata. Jeshi la Scotland chini ya Archibald Douglas lilivuka mto Tweed siku hiyo hiyo ya mwisho, na kikosi cha wapanda farasi kikapigana hadi kwenye daraja bovu, wachache wao wakapenya mjini. Sir William Keith, mmoja wa walioingia, akachukua uongozi wa mji. Wenyeji wakasema: tumeokolewa, masharti yametimia, rudisha watoto. Edward akasema: wapi! Hao wametokea upande wa Uingereza, sisi tulielewana waje kutoka upande wa Scotland. Fungueni.

Hawakufungua. Akaanza na Thomas. Kisha akatangaza kwamba kila siku watanyongwa wengine wawili.

Hebu tulia hapo kidogo. Kijana alikufa kwa sababu watu wazima walitofautiana kuhusu maana ya neno moja. Kuokolewa ni nini? Mapatano yaliyofuata siku chache baadaye yaliandikwa kama mkataba wa wakili wa Upper Hill. Mji utahesabika umeokolewa ikiwa jeshi litavuka Tweed kwenye sehemu fulani ya mto, au litawashinda Waingereza vitani kwenye ardhi ya Scotland, au wapiganaji 200 wataingia mjini bila kupoteza zaidi ya 30. Ati hesabu, mahali, saa, kila kitu. Maelezo hayo yote yangeweza kuandikwa Juni. Yaliandikwa baada ya mtu kunyongwa.

Sasa, babake. Wanaomsifu husahau kwamba Alexander Seton hakuwa mtu wa kushikilia upande mmoja hadi kufa. Mwaka wa 1314, kule Bannockburn, alikuwa kambini mwa Waingereza. Usiku wa katikati ya zile siku mbili za vita, akatoroka, akaenda kwa Robert Bruce, akamwambia Waingereza wamevunjika moyo, wapige asubuhi. Wakapiga, wakashinda. Miaka sita baadaye jina lake likawa kwenye barua ya Arbroath, ile ambayo wakubwa wa Scotland walimwandikia Papa kudai uhuru wao. Ni mtu aliyejua kubadilisha msimamo usiku mmoja hali ikidai. Ukiongeza kwamba mwanawe mmoja alikuwa ameuawa vitani 1332, na mwingine, kwa masimulizi ya zamani, akazama baharini akipigana na meli za Waingereza hapo hapo Berwick, unaona mzee ambaye nyumba yake ilikuwa inaisha. Angefungua mlango, nani angemlaumu?

Pengine haukuwa mlango wake tena. Keith ndiye aliyekuwa na sauti sasa. Hili ndilo linaniumiza zaidi ya lile simulizi la shujaa: inawezekana kwamba baba alitoa neno, mtu mwingine akaamua namna ya kulitafsiri, mtu wa tatu akatoa amri, na kamba ikamwangukia ambaye hakuulizwa chochote.

Mtu atasema Edward ndiye muuaji, mambo yaishe. Sawa, na mimi nasema hivyo. Aliyenyonga ni yeye. Miaka mia mbili kabla yake, mfalme Stephen wa Uingereza alikuwa na nafasi kama hiyo. Mwaka wa 1152 John Marshal alimpa mwanawe mdogo, William, awe rehani, kisha akavunja ahadi makusudi. Alipoambiwa mtoto atauawa, inasemekana alijibu kwamba bado ana nyundo na fuawe za kutengeneza watoto wengine bora zaidi. Stephen akamwangalia yule mtoto, akashindwa. William alikua, akawa shujaa wa mashujaa, na uzeeni akaiongoza Uingereza kwa niaba ya mfalme mtoto. Kwa hivyo Edward angeweza kutonyonga. Aliyeshika kamba ana hiari hadi dakika ya mwisho.

Lakini kuwa na muuaji mmoja hakumaanishi wengine wote wako safi. Nasema hivi nikijijua. Nilipoingia chuo, shangazi yangu alinidhamini mkopo kwenye chama chake cha akiba. Niliacha masomo mwaka wa pili, kwa sababu ambazo wakati ule niliziona za maana, na mkopo ukakatwa kwenye akiba yake. Hakuwahi kunigombeza. Alisema tu, "Wewe ulikuwa unajua mimi niko hapo?" Sikuwa najua, au tuseme nilijua kama mtu anavyojua masharti ambayo hajasoma. Ni pesa tu, najua, si shingo. Lakini angalau shangazi alitia sahihi mwenyewe. Thomas hakutia sahihi yoyote.

Hapo ndipo naona kosa la baba lilipo. Si kwenye ukuta Julai. Ukuta ule ulikuwa na familia nyingi nyuma yake, na mtu hawezi kuuza mji mzima kwa mtoto mmoja kisha aseme ni mapenzi. Kosa liko Juni, siku alipotoa kama dhamana kitu ambacho hakikuwa chake. Naweza kuahidi mkono wangu, mali yangu, hata shingo yangu. Uhai wa mwanangu si mali yangu, hata kama mimi ndiye niliyemzaa.

Halafu najikwaa papo hapo. Wakubwa wengine wa mji walitoa watoto wao. Seton angesema, "Wangu abaki, wenu waende," tungemwita nani? Mtu anayeweka watoto wa wenzake rehani na kuficha wake ndiye kiongozi tunayemfahamu kabisa, hatuhitaji Scotland kutufundisha. Kwa hivyo kumtoa Thomas lilikuwa kosa, na kutomtoa peke yake kungekuwa kosa baya zaidi. Njia safi ilikuwa kutotoa mtoto yeyote na kusubiri yaliyotokea 1296.

Na kuna hili. Mlango haukufunguliwa kwa ajili ya Thomas. Lakini ilipofika zamu ya watoto wa wengine, mapatano mapya yakapatikana haraka, na hao wakapona. Labda wazazi wao walipiga kelele. Labda Seton mwenyewe, akiwa tayari amelipa, hakutaka kuona mwingine akilipa. Au labda kifo cha kwanza ndicho kilichowafanya wote waamini kwamba Edward hatanii, na katika hali hiyo wale watoto wengine waliishi kwa sababu yake. Sipendi hesabu hiyo, na sijui namna ya kuikataa.

Tarehe 19 Julai jeshi la Scotland lilipanda kilima cha Halidon, karibu na mji, na mishale ya Waingereza ikalimaliza. Douglas akafa hapo. Kesho yake Berwick ikafungua milango. Siku tisa baada ya ile tarehe 11.

Februari iliyofuata, Edward Balliol, mfalme aliyewekwa Scotland na Waingereza, aliitisha bunge huko Edinburgh na kumkabidhi Edward wa Tatu mji wa Berwick. Miongoni mwa mashahidi alikuwa Sir Alexander Seton. Ameketi pale na wakubwa wengine, anasikiliza mji ukisomwa kwenye karatasi na kupewa mtu aliyemnyonga mwanawe. Nimejaribu mara nyingi kufikiria uso wake siku ile, kama alikuwa anaogopa, au amechoka, au kuna watu bado hai ndani ya Berwick aliokuwa anawafikiria.