Karatasi za Watawala ni Mali ya Nani?

Fikiri, msomaji, habari ya mtu aliyekuwa mlezi wa mayatima. Aliitunza mali yao miaka mingi, na hesabu zote akaziandika daftarini kwa mkono wake. Walipokuwa watu wazima, akawakabidhi nyumba na shamba, lakini daftari akalichoma moto. Alipoulizwa, alijibu, "Daftari ni langu, mimi ndiye niliyeliandika." Je, jibu hilo latosha?

Jambo la namna hiyo limetendeka kwetu. Mwaka 1961, uhuru ulipokaribia, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maagizo juu ya karatasi zisizofaa kuachiwa Serikali mpya: zile ziwezazo kuiaibisha Serikali ya Uingereza, au askari na watumishi wake, au kuwafichua watoa habari wa polisi, au ambazo mawaziri wapya wangeweza kuzitumia visivyo haki. Katika Kenya majalada yaligawanywa mafungu mawili. Moja lilikuwa la kukabidhiwa. Jingine halikuruhusiwa kushikwa ila na ofisa raia wa Uingereza mwenye asili ya Kizungu. Karatasi zilizochomwa, hata majivu yake yalitakiwa kupondwa. Iliruhusiwa pia kuzitosa baharini katika masanduku mazito, mbali na pwani, penye kina kirefu pasipo mkondo. Sidhani mtu asiye na la kuficha angejisumbua kuponda majivu.

Majalada mengine ya Kenya, yapata 1,500, yalipelekwa Uingereza, na baadaye yakawekwa Hanslope Park, kaskazini ya London, pasipo watu kujua. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa vizuizini wakati wa Hali ya Hatari walifungua mashtaka mjini London. Katika kesi hiyo, mwaka 2011, Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada yapo. Juni 2013 ikaeleza masikitiko yake, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, fidia ya watu 5,228 pamoja na gharama za kesi. Hapo kwanza, mzee akisimulia alivyopigwa, msikilizaji aliweza kusema kwamba uzee umemchanganya. Sasa maneno yake yalikuwa na shahidi, tena shahidi aliyeandikwa na watawala wenyewe.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Katika maagizo yale limo jambo moja nisiloweza kulipuuza, nalo ni la watoa habari. Aliyepeleka habari polisi na aliyekamatwa kwa habari hizo huenda walikuwa majirani, na wajukuu wao leo hukaa darasa moja. Kama majina yangalibandikwa sokoni mwaka 1963, yamkini damu ingalimwagika. Basi kuficha kwaweza kuwa huruma. Hata hivyo, kuficha kwa muda si sawa na kuchoma. Afichaye husema, "Bado". Achomaye husema, "Kamwe," tena huwasemea hata wasiozaliwa. Na katika shauri hili, aliyechagua cha kuchoma ndiye aliyeogopa kushtakiwa. Hakimu wa namna hiyo hatungemkubali hata katika baraza la kijiji.

Wala tusidhani kwamba ni wageni tu wenye hofu hiyo. Kenya ilitunga sheria ya kumbukumbu zake mwaka 1965, na jumba lake liko katikati ya Nairobi. Humo zimo barua na vitabu vya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Jiulize ni wanasiasa wangapi ambao wangekubali barua zao zisomwe na vijana kama ninyi. Na wewe, ukiwa mwandishi wa chama cha shule, ukurasa wenye neno la kukuaibisha utamwachia atakayekufuata?

Majalada yale ya Hanslope yalianza kufunguliwa kwa wasomaji mwaka 2012, huko Kew, London. Kijana wa Nyeri atakaye kuishika karatasi yenyewe iliyoandikwa juu ya babu yake, hana budi kusafiri mpaka huko.