Shimo Lililochimbwa kwa Idhini

Vitabu vya fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, vinajadili habari ya mtu aliyechimba kisima katika njia ya watu wote, kisha mpita njia akatumbukia humo na kufa. Mchimbaji hakumsukuma mtu, wala hakuwepo mauti yalipotokea, na pengine alikuwa na haja ya maji tu. Hata hivyo mafakihi, yaani wataalamu wa elimu hiyo, walimbebesha dhamana, kwa maana ya wajibu wa kufidia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka sababu ya madhara mahali ambapo kila mtu ana haki ya kupita salama. Torati nayo, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, humtaka aliyeacha shimo wazi amlipe mwenye ng'ombe au punda aliyeanguka ndani yake, na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, huamuru kila ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Hukumu hizi zimeitangulia baiskeli kwa karne nyingi, lakini swali zinalouliza ndilo linalomkabili mpangaji wa mji anapoamua kama barabara itakuwa na njia ya baiskeli au haitakuwa nayo: je, aliyeandaa mazingira ya kifo ana sehemu katika kifo hicho?

Jibu la haraka, ambalo husikika misikitini, makanisani na vituoni mwa daladala, ni kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Imani ya kadari, yaani kwamba Mungu amekadiria kila jambo kabla halijatokea, haifai kuchezewa. Tatizo liko katika matumizi yake, kwa sababu wanaoitaja mbele ya maiti ya mwendesha baiskeli ni walewale wanaomtafuta fundi akague breki kabla ya safari ya Moshi mwezi wa Desemba. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab, alipopata habari njiani kuwa tauni imeingia Sham, yaani Syria na maeneo jirani, aliamua kuurudisha msafara wake Madina, na kamanda wake Abu Ubaida bin al-Jarrah akamhoji kama anaikimbia kadari ya Mungu. Maana ya jibu lake ilikuwa kwamba anatoka katika kadari na kuingia katika kadari, mfano wa mchungaji anayeliacha bonde kame na kupeleka ngamia wake kwenye bonde lenye majani, ilhali mabonde yote mawili yamo ndani ya amri ya Mungu.

Hoja hiyo inaweza kusogezwa hatua moja mbele, maana katika mauti ya barabarani kuna mambo mawili ambayo mazungumzo ya kadari huyachanganya, nayo ni nani atakufa na wangapi watakufa. La kwanza hakuna mwanadamu alijuaye. La pili hujulikana kwa makadirio yasiyopishana sana na ukweli, kwa sababu barabara ya umbo fulani, yenye mwendo fulani na makutano ya namna fulani, huua mwaka baada ya mwaka, ingawa wanaokufa kila mwaka ni watu wengine. Mwanauchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alieleza mwaka 1968 tofauti kati ya uhai wa mtu anayejulikana na uhai wa kitakwimu, yaani uhai wa yule ambaye bado hana jina na yumo tu ndani ya hesabu, akaonyesha kwamba watu huchanga kwa moyo mkunjufu kumwokoa wa kwanza na kusitasita kodi ikihitajika kumwokoa wa pili. Mpangaji wa njia hufanya kazi yake yote miongoni mwa watu hao wasio na majina, na hapo ndipo kisingizio cha kadari kinapopungua nguvu: kutolijua jina hakumfanyi asiijue idadi.

Idadi yenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, yaani wale ambao hawana bati la kuwakinga. Sababu yake ni ya kimaumbile, kwani nishati ya pigo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mijini nchini Tanzania, hubeba karibu mara tatu ya nishati ya gari lilelile likienda kilomita 30. Bunge la Sweden lilipopitisha mwaka 1997 sera ya kutokubali kifo hata kimoja barabarani, lilikiri jambo ambalo sheria za usalama zilikuwa zikilikwepa, nalo ni kwamba binadamu atakosea siku zote, na kwamba mfumo unaomwadhibu kwa kifo kwa kosa la kupepesa macho ni mfumo mbovu. Uholanzi ilikuwa imeianza safari hiyo mapema zaidi: mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara zake, watoto zaidi ya 400 wakiwamo, na wazazi walioandamana miaka iliyofuata walikataa kuambiwa kwamba watoto wao walikuwa wazembe. Leo nchi hiyo hupoteza chini ya watu 800 kwa mwaka, ingawa baiskeli na magari vimeongezeka.

Dar es Salaam inalifanya swali la wajibu wa mpangaji kuwa gumu zaidi. Katika Barabara ya Morogoro, mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambayo wakazi huyaita mwendokasi, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, uliandaa kando ya barabara njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, jambo linalostahili sifa katika mji ambao kwa miongo mingi ulimwachia mwendesha baiskeli ukingo wa lami na mtaro. Lakini njia ya aina hii hupimwa pale inapokutana na nyingine, kwa sababu kati ya makutano na makutano gari na baiskeli huenda sambamba, na hatari kubwa huzuka pale gari linapokata kona kuingia mtaa wa pembeni na kumkuta mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja. Waholanzi huweka kisiwa kidogo cha zege kwenye kona ili gari lilazimike kupunguza mwendo na kugeuka kwa pembe inayomwezesha dereva kumwona mpanda baiskeli mbele ya kioo chake, na mara nyingi huinua kivuko kiwe juu kidogo ya lami. Mchoro unaoilinda baiskeli kwa kilomita nzima na kuiacha wazi kwa mita 20 za makutano umetumia fedha nyingi kulinda sehemu ambayo haikuwa na hatari kubwa. Tena kuna suala la upana: njia inayopimwa kwa mpanda baiskeli mmoja mwenye mkoba mgongoni haimtoshi muuza mkaa ambaye magunia yake yameivimbisha baiskeli pande zote mbili, na yeye ndiye anayepita hapo kila alfajiri.

Hapa ndipo fiqhi inapokuwa na jambo la kushangaza. Minhaj al-Talibin, kitabu cha Imam Nawawi wa karne ya 13 ambacho vizazi vya wanafunzi wa madhehebu ya Shafi'i kwenye mwambao wa Afrika Mashariki wamekisoma, humwondolea dhamana aliyechimba katika njia kwa idhini ya kiongozi, mradi shimo lisiwe la kuwadhuru wapita njia. Msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba idhini hufuta hatia, na mhandisi aliyetia saini mchoro uliopitishwa na mamlaka angependa kuamini hivyo. Lakini idhini haina nguvu hiyo isipokuwa kwa sababu aliyeitoa amewekwa kuangalia maslahi ya wote, kwa hiyo mzigo haukuyeyuka, umepanda ngazi. Umar huyohuyo anasimuliwa kuwa aliogopa kuulizwa na Mungu juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia, naye alikuwa Madina, mbali na nyumbu huyo kwa safari ya majuma.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba barabara hubeba pia mgonjwa anayewahishwa Hospitali ya Muhimbili na maelfu wanaowahi kazini, na kila mita anayopewa mwendesha baiskeli inatoka kwa mwingine. Mwanazuoni Al-Ghazali aliyapanga maslahi ambayo sheria huyalinda katika mafungu matano, ya dini, nafsi, akili, nasaba na mali, na kwa mpango huo dakika alizookoa mwenye gari haziwezi kuwekwa katika mizani moja na uhai. Dakika za mgonjwa, kwa upande mwingine, zimo katika fungu la nafsi, na mpangaji mwaminifu atazitenga na dakika nyingine zote badala ya kuzijumlisha katika wastani mmoja wa foleni. Machinga aliyetandika bidhaa zake juu ya njia ya baiskeli, na bodaboda anayeikata kukwepa foleni, nao wanadai riziki, ila tofauti yao ni kubwa: machinga anaweza kupangiwa mita chache pembeni kabla njia haijamwagiwa zege, na asipopangiwa kosa ni la mchoro, ilhali bodaboda anaibeba hatari yake na kumhamishia mwingine.

Linalobaki ni la kiofisi, na halina gharama kubwa. Mchoro wa barabara huambatana na makadirio ya fedha, ya saruji na ya idadi ya magari, na mtu hutia saini chini yake. Makadirio ya watakaoumia na watakaokufa katika kila makutano, kwa umbo lililochaguliwa na kwa umbo lililokataliwa, yangeweza kuandikwa kwenye ukurasa uleule, juu ya saini ileile.